Nilisema Zaidi ya Mashine

Mwanangu Kokushubira,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona dirishani. Umekaa kwenye kizingiti cha jiko unapiga dawa viatu vya safari, na Bibi yako anakuambia jambo linalokufanya ucheke huku umeinamisha kichwa. Ningeweza kutoka nje nikayasema haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu tulipomaliza chakula cha mchana. Kila nikikukaribia, mdomo wangu unaniletea mambo ya sanduku: sweta, cheti cha kuzaliwa, chaja. Nawe unaitika, "Nimeweka, Mama," kisha tunaachana kama watu wa ofisi mbili tofauti waliokutana kwenye korido.

Ndiyo sababu nimeketi sebuleni kuandika. Ya sanduku sitayarudia. Wewe ni mtu mzima, unajua kukunja nguo zako.

Juzi, tulipokuwa tunakunja mashuka, uliniuliza swali. Ulisema, "Mama, huko ninakokwenda watanifundisha hizo mashine zenu za maabara. Hivi mnajuaje kwamba hapa sasa kitu ni kidogo mno, mashine haiwezi tena kutaja kiasi chake?" Nilifurahi mno kuulizwa, nikajibu kama kitabu. Nikataja kikomo cha kugundua na kikomo cha kupima kiasi, nikachora hewani kwa kidole. Ulinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Sawa, mtaalamu," ukabeba mashuka ukaenda.

Jina hilo umeniita tangu mavuno ya kahawa, tangu siku ile ya jumuiya. Hulisemi kwa hasira. Unalisema kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dodoma kusomea kazi ileile ninayoifanya mimi. Sitaki ufike huko ukidhani kwamba kazi hii ndiyo iliyonifundisha kusema na watu vile nilivyosema na Bibi yako na jirani yetu Mama Ezekieli. Kazi ilikuwa inanifundisha kinyume chake, na mimi nilichelewa kuelewa. Basi niruhusu nijibu swali lako upya, safari hii kama mama yako.

Mashine yetu, ile ya kutafutia dawa za wadudu kwenye kahawa, ukiivua makoti yake yote, ni mrija. Unasaga kahawa, unakamua vilivyomo kwa kimiminika, unachuja, kisha unaingiza tone dogo kwenye mrija mrefu mwembamba. Humo ndani vitu vinaachana njia. Kimoja kinapita upesi, kingine kinang'ang'ania ukuta kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Kila kitu kinatoka kwa wakati wake, na kinapotoka, mashine inachora kilele. Kilele kirefu, kitu ni kingi. Kilele kifupi, kitu ni kidogo. Mpaka hapo hakuna ugumu.

Ugumu uko chini kabisa. Ule mstari ambao vilele vinasimama juu yake hautulii. Unatetemeka muda wote, hata kama hujaingiza kitu. Mtetemo huo sisi tunauita kelele, ingawa haina sauti. Kilele kikizidi kupungua kinafika mahali kinafanana na mtetemo wenyewe, na hapo mpimaji mwenye haraka huona anachotaka kuona. Kwa hiyo tunaweka mipaka miwili. Wa kwanza unasema: kuanzia hapa naweza kutamka kwamba kitu kipo. Wa pili uko juu zaidi: kuanzia hapa naweza kutamka kipo kiasi gani. Katikati ya mipaka hiyo, Shubi, ni mahali pagumu kwa mtu mwenye kiburi. Unajua kuna kitu. Hujui ni kiasi gani. Mpimaji mwaminifu huandika hivyohivyo, "kipo, chini ya kikomo," halafu anaweka kalamu chini. Haongezi neno.

Na mipaka hiyo haishuki kutoka mbinguni. Tunaikadiria. Njia moja inakupa namba hii, njia nyingine namba ile, na hakuna iliyo ya mwisho mpaka uijaribu: uchukue kahawa isiyo na dawa, uitie dawa kidogo sana kwa kiasi unachokijua mwenyewe, kisha utazame kama mashine itakurudishia kiasi hicho, leo na kesho na siku nyingine tena. Isipokurudishia, kikomo chako ni hadithi.

Mimi nilianza na hadithi. Nilipokabidhiwa kazi ya kutafuta kikomo cha dawa za wadudu kwenye kahawa, niliweka dawa ndani ya kimiminika safi, kisicho na kahawa hata punje. Mstari ulitulia kama maji kwenye beseni. Kikomo nilichokipata kilikuwa chini sana, kizuri sana, nikakipeleka kwa mkuu wetu wa maabara. Yule ni mzee mpole anayevua miwani kabla ya kukukosoa. Akaivua.

"Binti, namba nzuri hii."

"Ahsante, mzee."

"Sasa kahawa iko wapi hapa?"

Nikaanza kueleza. Akaniacha nieleze, kisha akauliza, "Wakulima watatuletea kimiminika, au watatuletea kahawa?"

Kahawa ina rangi, ina mafuta, ina uchungu wa kila namna, na vyote hivyo vinapita kwenye mrija pamoja na kile unachokitafuta. Ukiingiza kahawa, ule mstari uliotulia unarukaruka kama bodaboda kwenye barabara ya Murongo. Kikomo cha kweli hupimwa humo ndani ya fujo. Nilitoka ofisini kwake masikio yakinichoma, na njiani, kabla sijafika kwenye meza yangu, niliwaza habari yako.

Unajua nilikuzaa kabla sijamaliza shule. Bibi yako hakunipigia kelele kama wengine walivyotarajia. Alisema tu, "Mtoto niachie, wewe rudi darasani," na nikarudi, na sijajuta kurudi. Lakini nilikuwa nakuja likizo. Nikifika, umeogeshwa, umepakwa mafuta, umevishwa gauni. Nikakubeba siku zile chache, nikakufundisha kuhesabu, nikaondoka nikijiambia kwamba namjua mwanangu. Nilikujua ndani ya kimiminika safi. Mikojo, homa, ukaidi, ndoto mbaya, hivyo vyote vilipita wakati sipo.

Likizo moja, ukiwa umeanza kutembea vizuri, nilishuka kwenye gari pale njia panda nikakunyooshea mikono. Ulikimbia ukajificha. Hukujificha nyuma ya Bibi. Ulijificha kwenye kitenge cha Mama Ezekieli, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kumsaidia Bibi kupalilia. Nililiona. Nikasema moyoni, watoto wana mambo yao. Sikuuliza.

Turudi kwenye kahawa. Ili upime kelele ya kahawa unahitaji kahawa isiyo na dawa kabisa. Mkuu akatukusanya akauliza nani anajua mahali ambapo miti haijapuliziwa dawa. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. "Kwa mama yangu, Chonyonyo." Unalijua shamba la Bibi, mibuni imesimama katikati ya migomba kama ilivyokuwa enzi za babu, na pampu ya dawa haijawahi kuingia. Niliona fahari. Nilikuja nikachukua kahawa ya maganda iliyokauka, nikaibeba mwenyewe mapajani hadi maabara kwetu Bukoba.

Nayo ikatoa kilele. Kilikuwa kidogo, lakini kimejitenga na mtetemo, na kimetoka wakati uleule ambao hutoka dawa moja ya unga, ile ambayo watu huchanganya kwenye maharage yasiliwe na wadudu ghalani.

Sikuamini. Niliosha mrija. Nilibadilisha vyombo. Nilimshuku mwenzangu wa meza ya pili kwamba hasafishi mikono, nikamwangalia kwa jicho baya wiki nzima, masikini ya Mungu. Nikampigia Bibi simu.

"Mama, kahawa ile uliipulizia dawa?"

"Sijapulizia."

Siku mbili baadaye nikampigia tena. "Sijapulizia." Mara ya tatu akacheka. "Justa, au unataka nipulizie ndipo ufurahi?"

Tazama swali langu. Lilikuwa fupi, limenyooka, na halikuwa sahihi. Alinijibu kweli tupu kila mara, na ukweli wake haukunisaidia, kwa sababu niliuliza jambo moja nikadhani nimeuliza yote.

Siku ya jumuiya ulikuwepo, lakini uliiona kutoka mlangoni. Ngoja nikuambie nilivyoiona mimi. Ilikuwa zamu ya Bibi kuwapokea. Sala zilikuwa zimekwisha, wanawake wamekaa mikekani, na kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna ya kukaribishia wageni, kilikuwa kinapita mkono kwa mkono. Mimi nimeshuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Sikuomba hata maji. Nilitoa shikamoo moja ya watu wote kwa pamoja, kisha nikasema:

"Mama, ile kahawa uliyonipa ina dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya wadudu. Mashine imeiona."

"Nimekuambia sijapulizia."

"Mashine imeiona, Mama."

"Hiyo mashine imeniona wapi?" Bibi akawageukia wenzake. "Mimi huko Bukoba sijafika tangu harusi ya Domina."

Wakacheka. Nami ningeweza kucheka nao, nikaketi, nikapokea kikapu, na mambo yangekwisha kwa heri. Badala yake nilisema, "Mashine haidanganyi."

Kicheko kikakatika. Kama mashine haidanganyi, basi anayedanganya amekaa mkekani. Hakuna mwanamke pale aliyeshindwa kuelewa hilo. Bibi yako alitazama mikono yake. Kikapu kilikuwa kimefika kwa Mama Ezekieli, akakiweka chini.

"Justa, subiri kidogo. Labda ni mimi."

Akaeleza. Maharage yake alikuwa ameshayatia dawa ya unga, ile ya pakiti isiyo na maandishi ambayo mwanawe Ezekieli humletea kutoka Murongo. Paa likavuja, yakalowa. Akamwomba Bibi turubai ayaanike upya. Akalirudisha. Bibi akaanikia kahawa.

"Nililikung'uta," akasema. "Haki ya Mungu nililikung'uta mpaka mabega yakauma."

Alikuwa amesimama kumwokoa mama yangu. Leo naliona hilo wazi kama mchana. Siku ile niliona jibu tu, jibu la wiki zangu zote za kuosha vyombo, nikalirukia. "Kukung'uta! Dawa haitoki kwa kukung'uta. Ndiyo maana hatuendelei, kila kitu cha kuazimana. Kuanzia leo, Mama, turubai lako lisitoke hapa."

Ulikuwa mlangoni na chupa ya chai. Uliiweka chini polepole, ukaja, ukamshika Mama Ezekieli mkono ukamsindikiza kwao, mbele ya macho yangu na ya jumuiya nzima. Uliporudi uliniuliza, "Umepata ulichokuwa unatafuta, mtaalamu?"

Nilikuwa nimepata. Ndilo baya lenyewe.

Sasa sikiliza kilichofuata kule maabara, maana hili sijamwambia mtu hapa kijijini isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia. Nilirudi nikimwambia mkuu kwamba nimekamata chanzo. Akanipongeza, akasema tutafute kahawa nyingine ya kupimia. Tukaleta ya Rugu, tukaleta ya vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, kila mara kwa mtu aliyeapa hajapulizia. Nyingi zilikuwa na kitu. Kidogo, kingine kidogo zaidi, lakini kitu. Safari hii nilijifunza kuuliza. Sikuuliza umepulizia nini, niliuliza umeanika wapi, gunia limetoka kwa nani, nani aliazima nini. Majibu yalikuwa marefu na matamu. Turubai la shemeji. Gunia la kanisa. Mkeka uliotumika msibani. Ungo wa jirani ambaye mtoto wake anaoa wa kwetu. Nilikuwa nazunguka wilaya mbili nikitafuta nyumba ambayo haijawahi kuazimwa kitu. Nyumba hiyo haipo, Shubi. Na kama ingekuwepo, nisingependa wewe uolewe humo.

Mwisho tulipata kahawa ya vibanja vichache, mashamba ya nyumbani, ambayo mashine haikuweza kuitofautisha na mtetemo. Sikuandika kwamba haina dawa. Niliandika kwamba haikuonekana. Nikaitia dawa kwa kiasi nilichokijua, nikapima, nikarudia, watu wengine wakarudia. Kikomo kilichotoka kilikuwa juu, mbali kabisa na kile kizuri cha kimiminika safi. Hakikupendeza macho. Lakini kilikuwa cha kweli, na bado kiko chini ya kiwango ambacho sheria inaruhusu, kwa hiyo kinawafaa wakulima. Wanaweza kuambiwa jambo lenye uhakika.

Siku hiyohiyo nilirudi kwenye kahawa ya Bibi, nikaipima kwa kikomo kipya. Nikakitafuta kile kilele. Kilikuwa chini ya ule mpaka wa pili. Kipo, lakini sina haki ya kutaja ni kiasi gani. Nilikuwa nimemtangaza mama yangu mbele ya jumuiya yake, nikamfanya jirani yake kuwa mchafu, kwa kitu ambacho kwa kipimo changu mwenyewe napaswa kukiandika kwa maneno machache na kuweka kalamu chini.

Dawa ilikuwepo, hilo sitalifuta ili nionekane mwema. Na pakiti zisizo na maandishi ni hatari kweli, nimeshazungumza na Ezekieli juu yake. Lakini mashine ilisema kitu kimoja tu: kipo. Haikusema nani. Haikusema kwa nini. Haikusema kwamba mtu amedanganya, wala kwamba watu wetu hawaendelei. Hayo yote niliyaongeza mimi, kwa sauti yangu, nikiyasema kana kwamba yametoka kwenye mrija.

Bibi alinitii, na hilo limekuwa adhabu yangu. Alilikunja turubai akaliweka juu ya dari. Msimu huu Mama Ezekieli alipohitaji la kuanikia, alipeleka mtu kuliazima mbali, kwa watu wa kando ya barabara. Ile njia fupi kati ya migomba, ya kutoka kwao kuja kwetu, imeota majani. Nawe umeona kwamba Bibi siku hizi anakula mapema na kuingia ndani, kwa sababu aliyekuwa anakaa naye jikoni jioni haji tena. Nimeona pia kwamba umeshaaga nyumba zote za hapa isipokuwa moja.

Leo asubuhi, ulipokwenda Kayanga kukata tiketi, niliyakanyaga majani hayo nikaenda kwa Mama Ezekieli. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Hodi."

"Karibu, mkaguzi." Hakuinua kichwa. "Usikae hapo, pachafu. Ngoja nikutafutie kiti kilichopimwa."

"Shikamoo, Mama Ezekieli."

"Marahaba. Na hivyo viatu umevipima? Maana umeshakanyaga kwangu."

Nilikaa chini nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kutoa mabovu. Aliniacha. Nikasema huku nachambua.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya turubai au ya mdomo?"

"Ya mdomo."

"Turubai lilikuwa na dawa au halikuwa nayo?"

"Lilikuwa nayo."

"Basi mashine yako ilisema kweli."

"Ilisema kweli. Mimi nilisema zaidi ya mashine."

Hapo akainua kichwa. "Eleza."

Nikaeleza, kama nilivyokueleza wewe, kwa maneno hayahaya. Alikuwa akiuliza katikati, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua, si ya kunikomoa. Nilipofika mwisho akasema, "Kwa hiyo hata hicho kiasi chenyewe hukijui?"

"Sikijui."

"Na kelele yote ile ulipiga?"

"Nilipiga."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi. "Ningekuwa mimi mama yako, ningekuchapa kwa turubai hilohilo."

Ndipo nikauliza lile nililolinyamazia miaka yote. "Shubi alipokuwa mdogo, alikuwa analala hapa kwako?"

"Mama yako miguu ilipovimba, nani alikuwa anambeba? Alilala hapa mpaka akajua kuniamsha kwa kunivuta pua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza? Ulikuwa unauliza kama mtoto amekula. Alikuwa amekula."

Mwanangu, sikuweza kuendelea kuchambua. Kumbe lile jibu la "sijapulizia" nimeishi nalo tangu ukiwa mgongoni mwa watu. Kila likizo nilikuja na maswali mafupi yaliyonyooka, nikajibiwa kweli, nikaondoka sijui lolote. Na wewe umekua ukiwa na mama watatu, mmoja wao hajui kwamba wako watatu. Siku ya jumuiya hukumsindikiza jirani. Ulimsindikiza aliyekulea. Ningelijua hilo, nadhani ningefunga mdomo. Nasema nadhani, kwa sababu sina hakika, na nimechoka kusema zaidi ya ninachokijua.

Nilimwuliza kama amenisamehe. Hakunipa jibu la kunifurahisha. Alisema, "Leo sitakudanganya. Nikifikiria kupita pale kwenu, uso bado unaniwaka moto. Tuache kwanza." Kisha akasema lililonifanya nikae mezani hapa. "Ila mtoto kwa nini amenikwepa? Anaondoka kesho, ameaga mpaka kwa mwenye duka. Mtoto hana kosa. Au mmemwambia asije?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba unaona aibu kwa ajili yangu, na kwamba aibu hiyo si yako kuibeba. Akageuka akatazama ile njia ya kuja kwetu. Nilipoondoka alikuwa bado anaitazama.

Sina mengi ya kukuusia juu ya huko uendako. Utafundishwa kukadiria kikomo kwa njia nyingi, na utazijua kuliko mimi, maana wewe huuliza mapema. Siku moja utakuwa na namba nzuri mkononi na watu wenye haraka mbele yako, na utatamani kuwapa zaidi ya ulichokiona. Mimi sina dawa ya tamaa hiyo. Mimi mwenyewe ninayo bado. Nakuomba tu ukumbuke kwamba mama yako alishaijaribu, na unajua ilivyomgharimu Bibi.

Na kama ukipenda kuendelea kuniita mtaalamu, niite. Sitakuomba ubadilishe jina nililojipatia mwenyewe. Nakupenda kwa jina lolote utakalonipa. Nimekupenda vibaya wakati mwingine, kwa mbali, kwa maswali ya mkato, lakini sijawahi kupitisha siku bila hilo kuwepo, hata siku ambazo wewe hukuweza kuliona.

Nitakuja kukupa karatasi hizi mkononi sasa hivi, kabla hujamaliza viatu. Ukishazisoma, nenda kwa Mama Ezekieli. Nenda peke yako. Usiniombee msamaha, hilo ni deni langu na nitalilipa kwa miguu yangu, kila nikija, mpaka njia ile iwe nyeupe tena. Wewe nenda kaage tu, kama mtoto anavyoaga kwao. Sijui atakuambia nini. Mwalike aje ale nasi jioni hii. Akikataa, usimsukume, na usirudi na uso wa huzuni, kwa sababu atakuwa amekuambia ukweli.

Bibi ameanza kumenya ndizi. Sufuria ameitoa ile kubwa, na sisi hapa ni watatu tu. Nimemwuliza kupitia dirisha, "Mama, leo unampikia nani?"

Amesema, "Nampikia atakayekuja."

Nenda, mwanangu. Jua bado lipo.

Mama yako,
Justa